Nusu ya Juu ya Barua za Bi Truax

"Texas imeandika tena," alisema Bwana Peleg Doane, akiiweka barua juu ya kaunta kama mtu anayemwekea mgonjwa dawa chungu. "Na wiki hii imenenepa."

Nikaitazama. Bahasha ya kahawia, imefungwa kamba kwa msalaba, imevimba katikati kama imemeza yai. Mwandiko ulikuwa ule ule, mrefu, umelalia kulia, mwandiko wa mwanamke asiyeogopa kumaliza karatasi.

"Ni ya Daktari Haskell," nikasema.

"Najua ni ya nani, Bi Gannett. Nakukabidhi za namna hii tangu mwaka jana. Ninachojiuliza ni kimoja tu. Huyo Bi Lavinia Truax anapata wapi muda wa kutafuta maua, na kalamu yake haipumziki?"

"Bwana Doane, kazi yako ni kugonga mihuri."

"Na kufikiri. Hakuna aliyeniagiza nifikiri, lakini nafikiri."

Mke wa mchungaji, aliyekuwa anachagua vifungo upande wa duka wa posta ile, akainua kichwa. "Keziah, harusi ni lini vile?"

"Septemba."

"Si ilikuwa Juni?"

"Ilikuwa Juni. Sasa ni Septemba."

"Na mwanzo kabisa ilikuwa Mei," Peleg akasaidia. Mtu yule alikuwa na moyo wa kusaidia sana.

Nikaichukua barua nikatoka. Ilikuwa Jumanne, Agosti ya mwaka 1857, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kule kwetu Westhollow, Massachusetts, mwanamke wa miaka ishirini na sita hakuitwa tena msichana. Watu walimtazama kama wanatazama mkate uliochelewa kuumuka.

Daktari Orrin Haskell hakuwa daktari wa watu. Alikuwa wa mimea. Watu waliozunguka nchi za mbali walimtumia kwa posta mimea iliyokaushwa, naye akaketi mezani kwake akaichungulia kwa lenzi, akaipa majina ya Kilatini. Jina likishachapishwa kwenye jarida la Boston, limekaa. Mimi nilikuwa mchoraji wake. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na miwili, lakini mkono wangu haukuiacha kalamu. Miaka mitano Daktari aliuona mkono tu. Mwaka wa sita akaona na mwenye mkono, akaniposa, nikakubali kabla hajamaliza sentensi.

Shida ilikuwa barua.

Barua za Bi Truax zilikuwa na nusu mbili. Nusu ya chini ilikuwa ya mimea: umeota wapi, udongo gani, ua rangi gani kabla halijakauka. Nusu ya juu ilikuwa ya watu. Daktari alinisomea ya chini kwa sauti, nami nachora. Ya juu aliisoma kimya, midomo ikicheza. Halafu anachukua kisu cha karatasi, anaikata barua katikati. Nusu ya chini inawekwa pamoja na mmea wake, ndiyo desturi ya kazi ile. Nusu ya juu inaingia mfukoni mwa koti, upande wa moyo.

"Anasema nini huko juu?" niliwahi kumuuliza.

"Juu? Ah. Kuna joto."

"Ukurasa mzima wa joto?"

"Texas ni kubwa, Keziah."

Nikarudi kwenye mchoro wangu. Lakini siku ile nilipofika nyumbani nilimchora Bi Truax, mtu ambaye sijamwona hata kisigino. Nikampa macho makubwa, shingo ndefu. Nikaona nimempendelea. Nikamchora tena, nikampa pua. Mara ya tatu nikampa meno mabovu, na bado alikuwa mzuri, mwanaharamu yule.

Shangazi yangu Thankful, niliyekuwa nakaa kwake, akaokota karatasi. "Huyu nani?"

"Si mtu."

"Asiyekuwa mtu ana nyusi nzuri sana," akasema, akaendelea kuchambua maharagwe.

Basi Jumanne ile nilisimama njiapanda. Kulia ni kwa Orrin, kushoto ni kwa Shangazi. Nikaiminya barua, kuna kitu kigumu ndani. Nikasema moyoni, mwanamke amemtumia mchumba wangu zawadi. Miguu ikaenda kushoto yenyewe. Nikashuka stoo ya chini ya nyumba, nikaizika nyuma ya viazi.

Jioni ile ile nikaenda kufanya kazi, uso umenyooka kama ubao.

"Posta kulikuwa na kitu?" Orrin akauliza kabla sijavua kofia.

"Gazeti."

"Na Texas?"

"Texas hakuna kitu."

Akakaa. Akasimama. Akaenda dirishani. "Alisema mwisho wa Julai. Ataniandikia mwisho wa Julai bila kukosa."

"Labda kuna joto," nikasema.

Hakucheka. Na hapo ndipo wivu uliponishika hasa. Mwanaume akipoteza hata hamu ya kucheka kwa sababu barua ya mwanamke haikuja, wewe unayemtazama ufanye nini?

"Orrin, niambie ukweli. Kwa nini Septemba?"

"Kwa sababu jarida linatoka Septemba."

"Mimi naolewa na wewe au na jarida?"

Masikio yakamwiva. "Siwezi kukueleza. Ukiona utaelewa. Lakini hatuwezi kuoana kabla halijatoka. Hata siku moja kabla, hatuwezi."

"Na Bi Truax anahusika?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya, ndiyo maana kimya chake kiliniuma kuliko uongo.

"Anahusika," akasema.

Siku zikaenda. Kila siku swali lile lile, kila siku jibu langu lile lile. Akaanza kukonda. Chai aliitia chumvi akainywa. Nami kila nilipomwona anakonda, wivu unanenepa. Niliwaza, mimi nikipotea wiki mbili huyu atakonda hivi?

Ijumaa Shangazi alipanda kutoka stoo na kikapu. Akaweka viazi mezani kimoja kimoja, halafu bahasha ya kahawia.

"Keziah, viazi vyako vimezaa barua."

Nikachukua kiazi kimoja, nikaanza kukimenya.

"Ni ya yule asiyekuwa mtu?"

"Shangazi, nakuomba."

"Mimi sisemi kitu. Nimezika waume wawili, na wote walikuwa wanapata barua. Ila jambo moja. Ama uifungue, ama uichome. Kuiweka weka tu ni kama kukaa na jino bovu."

Nikaishika juu ya jiko, moto ukinguruma chini. Nikaihesabia hadi kumi. Mkono ukakataa. Kuchoma ni jambo la kumalizika, na mimi nilikuwa bado sijajua nataka kumaliza nini. Nikairudisha kwenye viazi.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, maharagwe yapo ndani ya oveni, Orrin akaingia jikoni amevaa koti la safari.

"Nimekuja kukuaga."

"Unakwenda wapi?"

"Texas."

Shangazi akaacha kufuta sahani. Hakuondoka. Alifuta sahani ile ile upya.

"Jarida la Septemba linafungwa Jumatano," Orrin akasema. "Kitu ninachokisubiri hakijaja. Itabidi nikakitafute mwenyewe, tungoje jarida la Desemba. Na harusi, Keziah... harusi nayo ingoje. Januari."

"Mei. Juni. Septemba. Januari."

"Najua."

"Ukifika huko, utabaki?"

"Nibaki kufanya nini?"

"Umnusie maua yake. Umsomee nusu ya juu uso kwa uso. Nenda, Daktari Haskell. Mwanaume anayevuka nchi nzima kwa sababu barua moja imechelewa hanihitaji mimi kumfungia sanduku."

Alinitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kusoma lebo iliyoingia maji. "Sifuati mtu," akasema. "Nafuata tunda. Treni ni saa nane." Akavaa kofia akatoka.

"Tunda," Shangazi akasema, akiiambia sahani. "Wa kwanza wangu alikuwa anasema anafuata ng'ombe."

Nilishuka stoo. Nikakata kamba kwa meno.

Kipakiti kilianguka magotini, na barua ikafunguka. Safari hii hakukuwa na wa kunikatia nusu. Nikasoma ya juu, kwa mwanga wa kidirisha, nimekaa juu ya gunia.

"Mpendwa Daktari Haskell,

Haya hapa matunda uliyoniomba. Nimerudi siku nne kwa nyumbu hadi kwenye lile korongo. Nyumbu hakuona sababu ya safari, na nilimwelewa. Nimepata kumi na mawili tu yaliyokomaa. Bila tunda huwezi kuthibitisha kuwa ni ukoo mpya, na bila ukoo mpya Bi Gannett wako hapati ua la jina lake.

Umeniandikia sasa kurasa arobaini juu ya mwanamke huyo. Najua anavyonung'unika akichora mizizi. Najua anaweka brashi mdomoni ukimkataza. Nikikutana naye njiani nitamsalimu kwa jina.

Nitakiri jambo moja, kisha sitalirudia. Kwa desturi yenu mmea huitwa kwa jina la aliyeuona kwanza. Aliyeuona kwanza ni mimi, nikiwa nimepiga magoti kwenye mawe, peke yangu. Na kulikuwa na kipindi nilidhani unaniandikia sana kwa sababu nyingine. Hukunidanganya. Nilijidanganya mwenyewe, kazi ninayoiweza vizuri. Muoe. Akikukataa, anwani yangu unayo.

L. Truax"

Nilisoma mara mbili. Wivu haukuondoka, msinielewe vibaya. Uligeuka tu ukaniangalia mimi. Kitu nilichokificha ili nisiibiwe kilikuwa changu, na mwizi alikuwa kwenye gunia la viazi na machozi puani.

Halafu nikafungua kipakiti. Ukungu.

Miaka sita nilikuwa nabadilisha karatasi za kukaushia za Orrin kila asubuhi. Mtu yeyote wa kazi ile anajua adui wa kwanza wa mmea mkavu ni unyevu, mdudu anakuja baadaye. Na mimi nimeweka matunda ya jangwani kwenye stoo ya viazi siku kumi na moja.

Nilikimbia na aproni yangu hadi kwake. Sanduku lilikuwa tayari kwenye gari la farasi.

"Orrin, teremsha sanduku."

"Keziah, tusiagane kwa ugomvi."

"Barua ya Bi Truax imefika."

Akaruka chini. "Lini?"

"Jumanne."

"Leo Jumamosi. Siku nne na Peleg hakusema?"

"Jumanne ya wiki ile nyingine."

Akaitazama bahasha iliyo wazi mkononi mwangu, kisha akanitazama mimi. "Ilikuwa wapi?"

"Niliificha. Nilidhani... unajua nilichodhani."

"Wapi, Keziah?"

"Stoo ya viazi."

Hapo uso ukambadilika. "Stoo ya viazi," akarudia polepole. "Ungeichoma ningekuelewa. Mtu mwenye wivu huchoma. Lakini umeyatia matunda unyevu?"

"Niliishika juu ya moto. Nikashindwa."

"Umenidanganya siku kumi na moja huku unanitazama."

"Ndiyo."

"Kila siku nilikuuliza."

"Kila siku ulikuwa unauliza habari za yeye. Hukuniuliza mimi nina nini."

Akafikiri. Kisha akachukua kipakiti mikononi kama kifaranga, akaingia ndani bila kunikaribisha. Niliingia hivyo hivyo.

Alasiri nzima tulikaa jikoni kwake, matunda yamepangwa kwenye sahani juu ya rafu ya jiko, mlango wa oveni wazi. Nane yalikuwa yameoza. Manne yalikuwa yamefumba kabisa kwa unyevu, hayasemi. Orrin hakusema pia. Akawa anayageuza kwa unyoya.

"Kwa nini hukuniambia?" mwishowe nikauliza.

"Anayepewa ua hajui mpaka lichapishwe. Akijua mapema, itaonekana aliliomba."

"Na kwa nini lazima kabla ya harusi?"

"Kwa sababu ukishaolewa unakuwa Haskell. Mwanamimea hampi ua jina lake mwenyewe. Ningeandika Haskell kwa ajili yako, Ulaya nzima ingesema nimejipa. Nilikuwa na muda mpaka siku ya harusi tu kukupa kitu kwa jina lako la kuzaliwa. Baada ya hapo, kamwe."

Nikakumbuka Mei, Juni, Septemba. Mtu alikuwa anaahirisha harusi kwa kunipenda, nami nilikuwa namchora mwanamke wa Texas na meno mabovu.

"Umesoma barua yake?" nikamuuliza.

"Bado. Niligusa matunda kwanza."

"Basi isome. Nusu ya juu."

Akasoma amesimama. Alipofika mwisho akaketi.

"Sikujua," akasema.

"Kurasa arobaini, Orrin. Ungemwandikia Peleg."

"Peleg hana lenzi." Akajipangusa uso. "Nimemtuma mtu siku nne kwa nyumbu akalete jina la mwanamke mwingine. Na mmea ni wake. Sikuliona hili hata kidogo."

"Jina la mmea si lina vipande viwili?"

"Ndiyo. Cha mbele ni cha ukoo, cha nyuma ni cha mmea wenyewe."

"Cha mbele mpe yeye."

"Keziah, cha mbele ndicho kikubwa. Ndicho nilichokutunzia."

"Najua. Nimesema mpe. Cha nyuma nipe mimi."

Alinitazama kama ananiona nimeshuka na mwanga kutoka mbinguni. Nikamwacha atazame. Mwanamke hapati mwanga huo kila siku.

Ndipo tukasikia sauti ndogo, tik, kama ukucha kwenye kikombe. Tunda moja limekauka, limepasuka ncha tano kama nyota, na ndani mbegu, kila moja na ubawa wake mwembamba. Orrin alishika ukingo wa meza.

"Mbawa," akanong'ona. "Hakuna ukoo unaojulikana wenye mbawa hizi. Keziah, chora. Chora sasa hivi kabla sijapiga chafya."

"Umenisamehe?"

"Chora kwanza."

"Orrin."

"Nimekusamehe barua. Ukungu nipe mpaka Jumatatu."

Nilichora Jumamosi ile mpaka giza likakaribia kuingia, na Jumapili baada ya kanisa, na mchungaji anisamehe. Jumatatu bahasha ikaondoka kwenda Boston. Peleg aliipima mkononi.

"Nene," akasema. "Safari hii inatoka, haiingii. Dunia imegeuka."

"Gonga muhuri, Bwana Doane."

Jarida lilifika Jumatano ya mwisho ya Septemba, na Peleg mwenyewe alilileta mlangoni akiwa amekwishalisoma. Ukurasa wa tisa: *Truaxia gannettiae*. Chini ya picha, kwa herufi ndogo kama mchwa, jina langu tena, la mchoraji. Kesho yake tukaoana sebuleni kwa Shangazi Thankful, kwa keki ya matunda na pai mbili za tufaha, na tangu saa ile mimi ni Haskell na hakuna ua litakaloitwa kwa jina langu hilo mpaka mwisho wa dunia.

Novemba ikaja barua kutoka Texas. Nilikuwa nakoroga supu ya maboga, Orrin akaingia nayo, anaigeuza geuza.

"Safari hii imeandikwa kwako," akasema.

Nikafuta mikono, nikaifungua.

"Mpendwa Bi Haskell,

Nimelipokea jarida. Mumeo anasema wewe ndiye uliyetaka niwe mbele, na anakusifu kwa ukarimu kurasa tatu. Mimi si mwanaume, na kazi hii naijua.

Jina la ukoo ni la kugawana. Tayari nimekuta ndugu wawili wa mmea wetu kwenye korongo la pili, na watakuja wengine, na kila mmoja atavaa jina langu mpaka lichakae kama shuka la nyumba ya wageni. Lako limekaa na mmoja tu. Yule wa kwanza. Yule aliyemfanya akuoe. Ulijua ulichokuwa unachagua, mwanamke wewe. Usidhani sikuona.

Ningefanya hivyo hivyo. Nimecheka mpaka nyumbu akanigeukia.

L. Truax"

Chini yake palikuwa na nusu ukurasa juu ya wale ndugu wawili, udongo wao na rangi ya maua yao.

Nikachukua kisu cha karatasi. Nikaikata barua katikati, sawasawa. Nusu ya chini nikampa mume wangu. Nusu ya juu nikaikunja mara mbili, nikaitia mfukoni mwa aproni.

Orrin alitazama mfuko. Akatazama uso wangu. Masikio yakaanza kumwiva.

"Anasema nini huko juu?"

Nikarudi kwenye supu yangu.

"Kuna joto," nikasema.